Kumsubiri Mtu wa Tano

Wadogo zangu wa klabu ya afya,

Mmeniomba niwasimulie kazi ya kuandika kadi kwenye meza ya chanjo, kwa sababu sasa mnaichukua ninyi. Mnanijua. Nikisimama mbele yenu nitasema "karibuni" na "asanteni", halafu nitaangalia viatu vyangu mpaka kengele ilie. Ndiyo maana naandika. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, na kazi hiyo nimestaafu. Mama anacheka nikilitumia neno hilo. Anasema anayestaafu ni mtu mwenye mvi na mgongo mbovu. Mvi sina, ila mgongo mbovu ninao, maana ile meza ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa chekechea.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa kadi, ilikuwa maji. Mnakumbuka shule zilivyofungwa ghafla, tukarudishwa nyumbani tukijua tu kwamba kuna ugonjwa na kwamba tusisogeleane. Kwetu kutoka nyumba moja hadi nyingine unaweza kulima shamba la mahindi katikati, kwa hiyo nje hatukusogeleana. Ndani ndiko tulikobanana. Mama alichemsha majani ya mwarobaini, mpera na mchaichai kwenye sufuria la sherehe, akatufunika blanketi wote watatu, yeye, mimi na Babu, na Babu akawa anapiga kelele mle ndani, "Hata kwenye josho ng'ombe anaruhusiwa kutoa pua!"

Baba alikuwa machimboni upande wa Geita, kwenye shimo la dhahabu wanaloliita duara. Kila akipiga simu alikuwa na habari mpya kutoka kwa wenzake. Leo dawa ni tangawizi, kesho dawa ni gongo, keshokutwa ugonjwa wenyewe haupo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja, "Na humo hemani mnalala wangapi?" Hapo mtandao ulikuwa unasumbua kila mara.

Shule zilipofunguliwa nikapewa kusimamia kibuyu chirizi cha getini. Ni lile dumu lililotobolewa na kuning'inizwa, unakanyaga kijiti cha chini linainama na kumwaga maji. Wanafunzi hawakunisumbua. Shida ilikuwa walimu. Mimi nimwambie mwalimu wa hisabati anawe mikono? Nikaandika kwenye kipande cha boksi, SHIKAMOO MWALIMU, TAFADHALI NAWA, nikawa nakiinua kila mwalimu akikaribia. Mkuu wa shule alisoma, akashusha barakoa mpaka kidevuni ili aniambie, "Marahaba, vizuri sana binti," akaipandisha alipomaliza. Ndivyo alivyoivaa mwaka mzima. Akinyamaza anaipandisha, akiongea anaishusha.

Kwa hiyo kama kusema kunakushinda, andika. Ila andika kwa herufi kubwa.

Mwaka uliofuata chanjo ikafika kijijini kwetu, nje kidogo ya Kagongwa. Nesi Leokadia alikuja kila Jumamosi kwa pikipiki, boksi la bluu la barafu limefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli. Alimwomba mkuu wa shule amtafutie mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri, anayejua Kisukuma, na asiye na maneno mengi. Hiyo sifa ya tatu ndiyo iliyonipa kazi. Ni mara ya kwanza na ya mwisho mtu kuisifu.

"Kabula," aliniambia siku ya kwanza, "hapa kuna maswali matano tu. Jina, umri, kitongoji, ugonjwa alionao, namba ya simu. Usiongeze, usipunguze."

"Na akikataa kujibu?"

"Mwangalie tu hivyo hivyo unavyoniangalia. Atakuonea huruma, atajibu."

Maswali matano yanaonekana mepesi mpaka uanze kuyauliza. Siku ileile alikuja mama mmoja amemshika mkono mzee sana, baba mkwe wake. Nikaliuliza daftari, maana watu nilikuwa siwezi kuwatazama, "Jina la mzee?"

Yule mama akageukia ukutani. "Huyu ni baba mkwe wangu."

"Ndiyo mama. Jina lake?"

"We mtoto, hukufundwa? Mimi nimtaje baba mkwe kwa jina?"

Mzee mwenyewe alikuwa hasikii. Nesi akainama, akamuuliza sikioni mara tatu, na mara tatu mzee akajibu kwamba ng'ombe hawajambo. Tukamwita mjukuu wake wa miaka minne aliyekuwa anacheza mchangani, aje ataje jina la mzee. Akasimama wima, akashika suruali yake, akasema kwa sauti ya kanisani, "Anaitwa Babu."

Nesi akaniambia nisiandike. Nilikuwa nimeshaandika.

Basi mkwe akija na mkwewe, ombeni kitambulisho kwanza, kama hakipo tafuteni jirani. Na umri msiuulize kwa miaka. Muulizeni mzee alikuwa anachunga nini wakati wa Uhuru. Akisema alikuwa hajazaliwa, mwambieni asiwatanie. Akisema ndama, kadirieni. Akisema ng'ombe, ongezeni. Akisema alikuwa ameshaoa, mpeni kiti kwanza, kuandika kutafuata.

Lakini kilichotuchosha zaidi ilikuwa hesabu ya chupa. Chupa moja ya chanjo ile ilikuwa ya watu watano. Ikishafunguliwa ina saa chache, baada ya hapo ni ya kumwaga, na kila iliyomwagwa Nesi aliitolea maelezo huko mjini. Kwa hiyo hakufungua mpaka awaone watu watano kwa macho yake. Wanakuja wanne, tunamsubiri wa tano. Wa tano anafika, wa pili ameenda kuangalia mbuzi. Mbuzi wanapatikana, wa kwanza amekumbuka ameacha maharage jikoni.

"Tuko hapa tangu saa mbili!" alisema siku moja Mama Minza, mkaanga maandazi wa pale senta. "Mlituambia ugonjwa haupo. Halafu mkatuambia upo, tuwahi. Tumewahi, mnatuambia tusubiri. Sasa serikali inataka tufanye nini, tuchuchumae?"

"Mama, mko wanne," Nesi akasema.

"Basi nichome mimi mara mbili!"

Mimi na Nesi tulimwangalia tu, na nadhani alituonea huruma, maana alikaa.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinaniuma mimi, kwa sababu shajara yangu inakijua na ninyi hamkijui. Babu yangu, Mzee Shija, alifanya kazi miaka mingi kwenye josho la kata. Bwana mifugo alikuwa anakuja na kuondoka, Babu alikuwepo siku zote. Aliogesha ng'ombe, aliwachanja, alijua kila fahali kwa tabia yake. Ile dawa ya josho ilimharibu kifua. Siku hizi akitoka kisimani anasimama njiani mara mbili, anajifanya anaangalia ndege. Kabla chanjo haijaja, mwenzake wa joshoni aliugua Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Msibani walisema ni changamoto ya kupumua, na hakuna aliyeuliza zaidi, tulikaa mbalimbali tu tukiangaliana juu ya barakoa za vitenge. Babu hupenda kukaa kwenye baiskeli yake karibu na meza akituangalia, na Nesi alimsikia akikohoa, akaniambia polepole, "Mzee mwenye kifua kama kile akiupata, Kabula..." Sentensi hiyo hakuimalizia. Mimi nilikuwa naimalizia kila siku.

Mama alimbembeleza Babu. Baba alimpigia simu kutoka machimboni, akaishia kubishana naye kuhusu tangawizi. Mimi nilimwandikia barua kwa herufi kubwa, nikaiweka ndani ya kiatu chake. Akatembea nayo siku nzima, jioni akalalamika kiatu kimeanza kubana.

Sababu alikuwa nazo, kila Jumamosi mpya. Barafu haitoshi. Nesi anashika bomba la sindano kama kalamu. Chanjo ya kweli unachoma shingoni, siyo begani. Mwisho Mama aliniambia ukweli tukiwa tunapepeta mchele. "Babu yako anaogopa sindano. Ng'ombe wa kata nzima amewachoma yeye. Yeye mwenyewe mara ya mwisho kupelekwa kuchomwa, alitokea dirishani."

Nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Halafu nikaacha kucheka, maana sababu ya barafu unaweza kuijibu. Hiyo utaijibuje?

Kikaja kile kisa cha meza. Watu walikuwa wengi kwa mara ya kwanza, kwa sababu ilisikika kwamba vijana wanaotafuta kazi kwenye migodi mikubwa wanaulizwa kadi. Kila mtu alitaka kuwa kwenye wale watano wa kwanza. Walisukumana, meza yangu ya chekechea ikapinduka, kadi zikatapakaa, na mtu mmoja akakanyaga kalamu yangu ya pekee. Nesi akafunga boksi lake. "Jumamosi ijayo naenda kijiji chenye watu," akasema.

Babu alikuwa pembeni amekaa kwenye baiskeli, anakagua kazi ya wenzake kama kawaida yake. Akacheka mpaka akakohoa. "Ng'ombe wana adabu kuliko ninyi," akawaambia. "Nesi, usiondoke. Nipe wiki moja nikujengee kibanio."

Kibanio ni ile njia ya miti ambamo ng'ombe anapita mmoja mmoja kwenda kuchanjwa. Watu wakachukia. "Mzee Shija, sisi ni mifugo?" akauliza Mama Minza.

"Mifugo isingepindua meza, mayu," akajibu Babu, ambaye kila mama kwake ni "mayu".

Alijenga kwa siku nne, kwa miti ya migunga na kamba za katani, na vijana aliowatukana bila kupumzika. Nilimpelekea maji, akanifundisha kazi kana kwamba nami nitaajiriwa joshoni. Njia iwe nyembamba mtu asiweze kumpita mwenzake. Iwe na kona kabla ya meza, ili aliye nyuma asimwone anayechomwa mbele. "Akiona, anageuka. Akigeuka mmoja, njia nzima inaziba." Mlangoni kuna mti mzito unaoshushwa nyuma ya mtu wa tano, na kuunyanyua ni mpaka mtu aliye nje. Mtu huyo alikuwa yeye.

"Na kumbuka hili," aliniambia akikaza fundo. "Chupa ikifunguliwa haimwagwi. Ukimwaga dawa umemdharau ng'ombe, na umemdharau aliyeileta. Mimi katika miaka yangu yote sijamwaga hata tone."

Kilifanya kazi, wadogo zangu. Sijui niseme nini zaidi. Watu waliingia watano watano, wakanung'unika, wakapita kona, wakachomwa, wakatokea upande wa pili wakiwa wamenyamaza. Hakuna aliyekwenda kuangalia mbuzi, maana mti ulikuwa umeshuka. Baba akapiga simu, "Nasikia mzee anafungia watu?" Hata machimboni ilifika. Na kila Jumamosi Babu alikuwa pale mlangoni na kofia yake ya joshoni, anahesabu vichwa, na kila Jumamosi mtu alimuuliza, "Wewe Mzee Shija umeshachanja?"

"Mimi ni mhudumu," anajibu.

Nesi Leokadia naye mwishowe alikuja na habari mbaya. Jumamosi inayofuata ni ya mwisho, anahamishiwa upande wa Mhunze, na hajui mwingine ataletwa lini. Nilimwambia Mama. Mama akamwambia Babu wakati wa kula. Babu akasema ugali umepoa.

Siku hiyo ya mwisho watu walikuwa wachache. Mpaka saa saba tulikuwa tumemaliza chupa mbili. Kisha wakaingia watano, nyuma yao hakuna mtu, na Babu akapaza sauti yake ya kawaida, "Watano!" Nesi alimwamini sana Babu kwa hesabu. Akafungua chupa.

Mtu wa kwanza alipita, wa pili akapita. Wa tano alikuwa kijana mrefu, mwendesha bodaboda, na kwa urefu wake aliona juu ya kona. Akaiona sindano. Akageuka. Njia ikaziba, wa nne akaanza kulia kwamba anakanyagwa, na Babu akasahau kifua chake, akavuta kamba ya mti wa mlangoni, akainama chini yake akaingia ndani. "Usigeuke! Usigeuke! Mshike pembe!" Sijui alimwambia nani. Mti ukashuka nyuma yake wenyewe, maana kamba ya kuushikilia juu alikuwa amekuja nayo mkononi. Yule kijana hakungoja kushikwa pembe. Alipanda miti kama ngazi, akaruka nje, tukasikia pikipiki inawaka.

Wa tatu akachomwa. Wa nne akachomwa huku analalamikia kidole cha mguu. Kisha kwenye kona akatokea Babu, kofia imelala upande, kamba bado ameishika.

"Wa tano," akasema Nesi bila kunyanyua macho. Halafu akanyanyua.

"Mimi nimekuja kurekebisha mti," akasema Babu.

"Sawa mzee. Basi rudi ulikotoka."

Babu akageuka. Mti ulikuwa umeshuka. Akatazama huku na huku amwone mtu wa kuunyanyua, na wote waliobaki pale nje kutazama, Mama Minza akiwa wa kwanza, wakaanza kuangalia mawingu. Akarudisha macho mezani. Chupa ilikuwa pale, wazi, imebaki dozi moja. Nesi aliitazama saa yake, akaitazama chupa, akavuta pumzi kama mtu anayejiandaa kuandika maelezo.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho sijawahi kufanya. Nyumbani nilikuwa nimeshindwa kumwambia Babu hata sentensi moja kuhusu chanjo, nikaishia kwenye kiatu. Lakini mezani nilikuwa na maswali yangu matano. Nikachukua kadi mpya. Nikamtazama usoni, siyo daftari.

"Shikamoo mzee. Jina lako nani?"

Babu alinitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe wa boma jingine ndani ya zizi lake.

"Hunijui?"

"Jina lako, mzee."

Akaitazama chupa tena. "Shija," akasema.

"Wakati wa Uhuru ulikuwa unachunga nini?"

"Mbuzi. Wawili wakapotea sherehe ikiendelea."

Kitongoji na namba ya simu nikajaza bila kuuliza, maana ni vya nyumbani. "Una ugonjwa wowote?"

Nyumbani hajawahi kusema. Kwa Mama ni vumbi, kwa Baba ni umri. Akaivua kofia, akaishika kifuani.

"Kifua," akasema. "Kinanibana. Muda mrefu sasa. Andika hivyo."

Nikaandika. Nesi alishamfikia kwa pamba. Babu akafumba macho, akanyoosha mkono wa pili hewani anatafuta kitu cha kushika, akakuta bega langu. Alama za vidole vyake zilikaa siku mbili. Alipochomwa hakutoa sauti. Mama Minza ndiye aliyepiga yowe, kwa niaba yake nadhani, na watu wakapiga makofi, na mmoja akamuuliza hereni ya mifugo wanamvalisha sikio gani.

Tukamkalisha kwenye benchi la kusubiri. Mjue kwamba aliyechanjwa hakai pale kwa mapambo. Dakika zile mnamwangalia rangi, mnamwangalia anavyopumua, halafu mnamuuliza hali na kuijaza kwenye mstari wa mwisho. Nilimwangalia kuliko nilivyowahi kumwangalia mtu yeyote. Kifua kilipanda, kikashuka. Kikapanda. Nilijifanya naandika.

Muda ulipotimia nikasimama mbele yake na daftari.

"Unajisikiaje, mzee?"

Akairudisha kofia kichwani.

"Kama ng'ombe," akasema.

Nikamgeukia Nesi Leokadia kumuuliza nijaze nini. Alikuwa anafunga boksi lake la bluu kwa mara ya mwisho, na hakugeuka.

"Andika hajambo," akasema.

Nikaandika hajambo.